Mezani pa Kunusa Mafuta ya Samaki

Mwaka nilioanza kazi ni ule mwaka polony, ile soseji nene ya kukatwa vipande, ilipotolewa kwenye friji za spaza zote, viduka vya mtaani, watu wakaogopa kuugua, na kota, ule mkate wa kujazwa, ikaliwa na yai na achari peke yake. Hapa Berea tulikula yai mpaka watoto wakawa wananuna wakiona kikaango. Mimi sikuumia. Dada yangu alikuwa amenitumia furushi la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kutoka nyumbani, nikawa nakula nao bukari yangu, ugali wetu, kwa amani huku majirani wakilalamika. Nawaambia hivi ili mjue ni lini, maana tarehe sizikumbuki. Nilichokula ninakikumbuka.

Nilikuwa tayari nina wajukuu wanne. Shule niliishia darasa la tatu, kule Uvira, Kongo. Nilikuwa nimefua nguo za watu Hillbrow, nimesuka nywele mpaka vidole vikakakamaa, nimepiga deki ngazi za maghorofa ambayo lifti zake zilikufa zamani. Kwa hiyo nyinyi vijana mnaosema mmechelewa maishani na hamjafika hata miaka thelathini, kaeni chini mnisikilize.

Kiwanda kilikuwa kusini mwa mji, upande wa maghala, mahali malori yanapopiga foleni kuliko watu. Tulitengeneza kapsuli za mafuta ya samaki, zile punje za rangi ya dhahabu mnazoziona kwenye maduka ya dawa. Siku ya kwanza nilipewa kofia ya nywele, barakoa, glavu na koti jeupe lililonifika kwenye vifundo vya miguu. Aliyenipokea alikuwa Supavaiza wa Laini, mwanaume wa Soweto mwenye kifua kama kabati. Alinisemesha kwa Kizulu, Kiingereza na vidole, vyote kwa pamoja, akaniita gogo, yaani bibi.

"Gogo, unaweza kusimama kwa saa nane?"

"Nimesimama miaka hamsini na nane. Saa nane ni nini?"

"Sharp," akasema, yaani safi, akanipeleka kwenye meza ya taa.

Meza ya taa ni meza ya kioo inayowaka kwa chini. Kapsuli zinamwagwa juu yake, mwanga unapita ndani yake, na wewe unatoa mbovu: yenye kiputo cha hewa, iliyopinda, iliyoshikana na mwenzake, na ile inayovuja, ambayo sisi tuliiita inayolia. Moja inayolia ikiingia kwenye chupa inawachafua wenzake wote. Nilisimama hapo karibu mwaka mzima. Macho yalichoka, lakini siwadanganyi, palikuwa pazuri. Fikiria umemwagiwa dhahabu mbele yako, inang'aa, na wewe ndiye unayesema hii ipite, hii isipite.

Na mashine! Mafuta yalikuja na mapipa ya bluu kutoka nchi za mbali ambako wanakamua samaki wadogo wenye mafuta mengi, jamaa wa ndagala wetu. Ndani ya pipa, juu ya mafuta, waliweka naitrojeni, yaani gesi ya kuzuia ile hewa tunayoivuta sisi isiyafikie. Adui wa kwanza wa mafuta haya ni hewa, wa pili mwanga, wa tatu joto. Mashine ilitandaza jelatini ikawa nyembamba kuliko chapati ya mpishi hodari. Kanda mbili za jelatini zilikutana kati ya magurudumu mawili, mafuta yakadondoka katikati, magurudumu yakabana, punje ikatoka imejifunga yenyewe. Siku nilipoiona mara ya kwanza nilisimama kinywa wazi chini ya barakoa. Aliyebuni kitu kile alikuwa na akili za kutisha.

Sasa niwaambie jinsi nilivyotoka kwenye meza ya taa.

Asubuhi moja ilikuja trei, nikainama, nikainuka.

"Supavaiza, hii inanuka."

"Gogo, ni mafuta ya samaki. Ulitaka inuke waridi?"

"Samaki namjua. Hii inanuka ukuta uliopakwa rangi leo."

Meza nzima ikacheka. Mmoja akapiga kelele, "Gogo amepata flati mpya!" Wakacheka tena. Mimi nikabeba trei mikononi, nikaenda nayo mpaka kwenye mlango wa kioo wa maabara, mahali tulipokatazwa kukanyaga, huku nikinung'unika kwa Kiswahili kwamba watu hawa wamezaliwa bila pua.

Ndani alikuwamo Mkuu wa Ubora. Alikuwa mfamasia, mama wa Kikenya mwembamba, miwani yake ikiishi kwenye paji la uso. Kumbe amenisikia. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mama, kumbe wewe ni wetu! Hebu leta hiyo trei."

Akakata kapsuli moja kwa wembe, akanusa. Akakata ya pili. Kisha akaanza kupima kwa vichupa vyake kitu kinachoitwa namba ya peroksaidi. Hiyo ndiyo namba inayoonyesha hewa imeyala mafuta kiasi gani. Ikipanda sana, mafuta yamechacha, hata kama kwa macho bado yanapendeza. Yalikuwa yamechacha. Waliporudi kwenye mapipa wakakuta moja limepasuka mpira wa kifuniko.

Meneja Mkuu alishuka mwenyewe kutoka ofisini, mzee wa kizungu mwenye sharubu nyeupe, asiyejua kusalimia. Alimsikiliza Mkuu wa Ubora, akaangalia zile trei zote za pipa lile, akasema maneno mawili tu: "Tupeni zote." Angeweza kusema tuyatie ladha ya limau, maana limau linafunika uvundo, na wapo wenye viwanda wanaofanya hivyo. Hakusema. Tangu siku hiyo nilimheshimu, hata salamu yake sikuidai tena.

Mkuu wa Ubora akaniita pembeni.

"Mama, hiyo pua umeitoa wapi?"

"Kwa mama yangu. Alikuwa anakausha ndagala. Ndagala akianza kuharibika anakuwa wa njano tumboni, na harufu inakushika hapa." Nikamwonyesha nyuma ya koo.

"Hapo hapo! Mimi nilienda chuo miaka minne kuambiwa hiyo kitu."

Alinijaribu wiki nzima. Anaweka vikombe vitatu vya kioo vimefunikwa, viwili mafuta mamoja, kimoja tofauti, wewe utaje kilicho peke yake. Sikukosa hata mara moja. Akaniandikia barua ya kupandishwa, nikawa mnusaji. Ndiyo, ni kazi. Mashine inapima, lakini pua ya mtu inasikia mapema. Tulikuwa watatu, na pipa lolote lilifunguliwa mbele yetu kabla halijaingia kwenye mashine. Mafuta mazima yananuka kidogo sana, kama majani yaliyokatwa karibu na maji. Yakianza kuchoka yananuka rangi ya ukuta, halafu penseli za watoto za kuchorea, halafu kitu ambacho sitakitaja.

Kazi ile ilikuwa na miiko yake. Hakuna manukato, hakuna losheni yenye harufu, hakuna vitunguu saumu, na ndagala marufuku tangu jana yake. Siku kuu ya kunusa ilikuwa Jumatatu. Basi Jumapili kanisani, wakati mama zetu wa Kongo wanakumbatiana na manukato yao mazito, mimi nilisalimia kwa mkono ulionyooka. Wakasema, "Maman amekuwa mkubwa, hatugusi tena." Niliwaacha waseme. Kuna mtu amewahi kulipwa kwa ajili ya pua yake katika ukoo wenu? Basi.

Aliyelalamika zaidi ni Mama Neema. Huyu ni rafiki yangu, fundi wa nguo kutoka Bukavu. Tunakaa flati moja, yeye chumba chake, mimi changu, jiko letu sote. Mama Neema alipasuliwa kifua katika hospitali kubwa ya hapa, wakamwekea valvu ya chuma kwenye moyo. Valvu ni mlango wa damu. Wake wa asili ulikuwa umechakaa. Ukikaa naye jikoni kukiwa kimya unausikia moyo wake, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Mtu mwenye chuma hicho anameza warfarini maisha yake yote, vidonge vya kuzuia damu isigande kwenye chuma. Akiacha, damu inaweza kuganda pale, ikaziba, akafa. Akizidisha, damu inakuwa nyepesi mno, anavuja. Kwa hiyo kila mwezi anakwenda kliniki kutolewa damu ipimwe. Hata sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, ameambiwa ale kiasi kilekile kila wiki, maana majani mabichi yanavuta damu upande wa pili, wa kuganda. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kisu. "Napimiwa sombe kama mtoto anayenyonya," alikuwa anasema.

Sasa sikieni kosa langu.

Kiwandani kila mwisho wa mwezi tulipewa chupa moja moja ya kwenda nayo nyumbani. Nami nilikuwa nimeyapenda yale mafuta kama mtu anavyompenda mtoto aliyemlea. Niliyasifu kwenye ngazi, niliyasifu kanisani, niliyasifu kwa mwanamke wa spaza. Chupa zangu nikampa Mama Neema. "Meza," nikamwambia. "Ni samaki. Moyo unapenda samaki." Naye aliniamini, maana mimi ndiye niliyekuwa na pua. Chupani imeandikwa mbili kwa siku. Yeye alimeza kwa kiganja, kama karanga.

Asubuhi moja ya Jumamosi tuko jikoni, anakoroga uji, nikaona tone jekundu limeanguka kwenye mwiko. Pua. Akainamisha kichwa, nikambana pua kwa kitambaa, kitambaa kikalowa. Tukabadilisha kitambaa. Kikalowa. Alipofungua mdomo kusema niliona hata fizi zimejaa damu. Tukashuka ngazi ghorofa tano tukiwa tumeshikana, tukapanda teksi, na kwenye kila robot, taa ya barabarani, iliyokuwa nyekundu nilimwomba Mungu anisamehe kitu ambacho nilikuwa bado sikijui.

Hospitali walimpima. Damu yake ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Muuguzi akamuuliza, "Unatumia kitu gani kingine?" Mama Neema akafungua mkoba, akatoa chupa yangu. Muuguzi akaigeuza, akaweka kidole nyuma.

"Gogo, imeandikwa hapa. Anayetumia dawa ya kulainisha damu amwone daktari kwanza."

Lebo ile! Siku ambazo hatukuwa na pipa la kunusa nilisaidia kubandika, na nilikuwa nimeinyoosha kwa kidole gumba changu mwenyewe kwenye chupa nyingi kuliko nywele zangu. Sikuwahi kujua inasema nini. Kiingereza cha kusoma sina, na sikuwahi kumwomba mtu anisomee. Niliona aibu. Mpaka leo nikikumbuka masikio yanawaka.

Jumatatu nilikwenda kwa Mkuu wa Ubora kabla ya kunusa chochote. Nikaweka chupa mezani.

"Nisomee. Yote. Usiruke."

Hakuniuliza kwa nini. Alivuta kiti, akanisomea mpaka chini, kisha akaanza kunifundisha ambayo hata kwenye chupa hayakutosha. Nilimfanya arudie mpaka nikayashika kichwani, na ndiyo ninayowapa sasa, simfungi mtu macho.

Mafuta haya yana kitu kinaitwa omega-3, mafuta ambayo mwili unayahitaji na hauwezi kujitengenezea ya kutosha. Wale ambao damu yao ina wingi wa mafuta yanayoitwa trigliseridi, daktari anaweza kuwapa dozi kubwa, na yanashuka kweli. Wengine wenye viungo vinavyouma wanapata nafuu kidogo. Asiyekula samaki kabisa anafidia. Lakini mtu mzima wa afya anayetegemea kapsuli zimkinge na ugonjwa wa moyo, Mkuu alinitazama usoni akasema, "Mama, wamepima na kupima, na faida wanayoiona ni ndogo, mara nyingine hakuna. Afadhali ale samaki." Nikamuuliza, hata pilchards wa kopo? "Hata hao wa kopo, mara mbili kwa wiki." Fikirieni heshima ya mama huyu. Anakula mshahara kwa kapsuli, na ananiambia nenda ukanunue kopo.

Na hatari zake: kiungulia, kucheua harufu ya samaki, tumbo kulegea. Dozi kubwa zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa baadhi ya watu. Mwenye mzio wa samaki aulize kwanza. Mafuta ya ini la samaki ni kitu kingine, yana vitamini A nyingi, na mama mjamzito asiyaguse bila kuuliza. Ukiacha chupa dirishani juani, umeiua mwenyewe. Na mwenye dawa ya damu, huyo asimeze hata moja kabla daktari wake hajasema.

"Ungeniambia zamani," nikamwambia.

"Nilidhani unajua, Mama. Kila kitu kingine unajua. Ni makosa yangu pia." Mwezi uliofuata karatasi zote za maelezo zilisomwa kwa sauti kwenye chumba cha chai, kwa Kizulu na kwa Kiswahili, na Supavaiza wa Laini alikuwa wa kwanza kuuliza kuhusu mama yake mzazi. Ile ikawa desturi ya kiwanda.

Nilidhani yameisha. Mama Neema aliporudi nyumbani, daktari wake alikuwa amemwambia aache kapsuli, ashike vidonge vyake. Siku ya tatu nikamkuta jikoni, kisanduku cha vidonge kiko mezani, amekitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyeondoka.

"Maman," akasema, "nimefikiri. Wewe si umeona mafuta yako yalivyolainisha damu yangu? Mpaka ikamwagika!"

"Nimeona."

"Basi yana nguvu. Sasa vidonge vya nini? Nitameza mafuta peke yake, vichache, kwa adabu. Nile sombe yangu. Nisitobolewe mkono kila mwezi. Sema tu inawezekana. Wewe pua yako haikosei. Ukisema wewe, naacha leo."

Nimesema mengi maishani kwa kubahatisha, lakini hapo niliona maneno yangu yanaweza kumuua mtu. Alikuwa hatanii. Kapsuli ni samaki waliokamuliwa, leo zina nguvu hii, kesho ile, na chuma kilichokuwa kinalia kifuani mwake kilihitaji kitu kinachopimwa kila mwezi. Mkuu alikuwa amenieleza hilo pia.

Nikamwambia: "Mafuta haya ni mazuri na nitayasifu mpaka nife. Lakini kazi ya vidonge vyako hayaiwezi, na mimi sitakuambia yanaiweza."

"Wewe ndiye uliyenipa!"

"Ndiyo. Nilikosea."

"Sasa umekuwa daktari? Darasa la tatu?"

"Darasa la tatu. Meza kidonge."

Alimeza akinikodolea macho, akagonga glasi mezani. Wiki mbili alipika peke yake, akaosha sufuria yake peke yake, akanipita jikoni kama anapita nguzo. Nilivumilia. Kila asubuhi nilisikiliza kupitia ukuta kama anafungua kisanduku, na kila asubuhi kilifunguka. Wiki ya tatu aliniachia sahani ya sombe mlangoni.

Mwaka jana nilistaafu. Kiwanda kilisimamisha mashine robo saa, kitu ambacho hata wageni wakubwa hawakuwahi kufanyiwa. Meneja Mkuu alinisalimia. Supavaiza wa Laini alitoa hotuba ndefu kwa Kizulu, wajukuu wangu wakanitafsiria nyumbani kutoka kwenye simu, wakaringa shuleni kwamba gogo wao ni pua ya kampuni. Wajukuu hao Kiswahili wanakisikia na kunijibu kwa Kizulu, lakini siku hiyo walijaribu. Mkuu wa Ubora hakutoa hotuba. Alinipa vile vikombe vitatu vya kioo vya siku ya majaribio, akalia, nami nikalia.

Mkiniuliza nilipata nini, nitawaambia nilifanya kazi na watu waliotupa mali iliyochacha bila kubishana, na waliosema ukweli wa bidhaa yao kwa bibi asiyejua kusoma. Bado nayapenda mafuta yale. Kijana akinionyesha chupa dukani naifungua, nanusa, namwambia hii nzima, hii wacha. Halafu namuuliza anameza dawa gani nyingine. Wengine wananikasirikia. Wakasirike.

Mama Neema yuko hai, moyo unalia vizuri, na siku hizi namsindikiza kliniki. Mwezi huu foleni ilikuwa imetoka mpaka nje ya geti. Jua kali, miguu imemvimba, na walipotangaza kwamba mashine ya kupima imesimama tungoje, akasimama, akachukua mkoba wake.

"Naenda nyumbani. Sirudi tena hapa."

"Kaa, Mama Neema."

"Sikia, Maman." Akaniinamia, akapunguza sauti kama tunaiba. "Wakati ule nilielewa. Ulikuwa na bosi, ulikuwa na mkataba, wangekufukuza. Sasa umestaafu. Hakuna anayekusikia hapa. Niambie ukweli kama dada. Mafuta yanatosha, si ndiyo?"

Watu wa foleni wakageuka. Nilimshika mkoba, nikamrudisha kwenye kiti, nikamwambia kwa sauti ambayo hata mlinzi wa geti aliisikia:

"Mafuta haya ni mazuri na nitayasifu mpaka nife. Lakini kazi ya vidonge vyako hayaiwezi, na mimi sitakuambia yanaiweza."